Kabla ya Kuuza Tikiti

Chama cha wanafunzi wa zamani kimekata shauri kwamba paa jipya la maktaba litatafutiwa fedha kwa tamasha la nyimbo, na kwamba kwaya ya shule na wazee wake wataimba pamoja jukwaani. Shauri hilo ni jema, wala sina neno juu yake. Neno langu ni juu ya ubishi uliofuata. Kila mtu amekuja na jina la mchezo wa nyimbo aupendao. Huyu ataka The Sound of Music kwa sababu aliuona katika senema alipokuwa mtoto; yule ataka Oliver! kwa sababu una nafasi nyingi za wavulana wadogo; na wa tatu ataka Sarafina! kwa sababu vijana watapata kucheza. Katika majina yote hayo sijasikia hata mtu mmoja aliyeuliza mchezo huo ni mali ya nani.

Mimi nasema kwamba swali hilo ndilo la kwanza. Tukilijibu vizuri, litatusaidia hata kuchagua.

Yafaa kwanza nieleze tunataka kufanya nini, maana wanafunzi wa madarasa ya chini huenda hawajapata kuona onyesho la namna hii. Ni mchezo wa nyimbo usioigizwa. Waimbaji husimama mbele ya watu na makaratasi yao mikononi, wapiga ala hukaa nyuma yao, na msimulizi hueleza yanayotokea kati ya wimbo na wimbo. Hapana mapazia ya kuchorwa, hapana mavazi ya kushonwa, hapana seremala wa kulipwa. Kwa shule ni njia nzuri ya kupata fedha, kwani hakuna gharama nyingi za kula mapato. Lakini njia hiyo imezaa dhana mbaya, nayo ni kwamba asiyevaa mavazi ya mchezo hajaucheza mchezo, na kwa hiyo hana deni kwa mtu.

Dhana hiyo si kweli. Kwaya ikiimba wimbo mmoja kutoka mchezo huu na wimbo mmoja kutoka mchezo ule, katikati ya nyimbo za kwetu na za kanisani, hizo ni nyimbo tu, na ruhusa ya namna hiyo ndiyo kazi ya vyama vya watunzi, kama Uganda Performing Right Society iliyoanzishwa hapa kwetu mwaka 1985. Lakini ukizishika nyimbo zote za mchezo mmoja, ukaziimba kwa mpangilio wake, na msimulizi akatoa kisa tangu mwanzo mpaka mwisho, hapo umeuonyesha mchezo, hata kama umesimama kama mlingoti. Ruhusa yake yatoka kwa mwenye mchezo au kwa wakala wake. Wako mawakala wenye leseni ya pekee kwa maonyesho ya kuimba tu, na iko michezo ambayo hawaitolei leseni hiyo kabisa. Basi mtu hawezi kujua mpaka aulize.

Tena hili si jambo la Wazungu peke yao. Nchi yetu ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu 1964, na badala yake ikaja ile ya 2006, iliyompa mtunzi haki juu ya kazi yake maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kazi ya watu wawili huhesabiwa tangu kifo cha yule aliyekufa mwisho. Mwaka 2022 Uganda ikajiunga na Mkataba wa Berne, ambao kwao mataifa huahidiana kulinda kazi za watunzi wao kwa wao.

Hebu tupige hesabu. The Sound of Music ulionyeshwa mara ya kwanza New York mwaka 1959. Oscar Hammerstein aliyetunga maneno ya nyimbo alifariki 1960, lakini Richard Rodgers aliyetunga sauti aliishi mpaka 1979. Ongeza miaka 50, wafika mwisho wa 2029. Lionel Bart, mtunzi wa Oliver!, alifariki 1999, kwa hiyo tungoje mpaka 2049. Mbongeni Ngema wa Sarafina! alifariki Desemba 2023, na wanafunzi wanaosoma gazeti hili leo watakuwa wazee wenye mvi kabla mchezo wake haujawa wa watu wote. Hapana hata mmoja katika hiyo mitatu ulio wa bure.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimekwisha kuyasikia. La kwanza ni hili: hatutafuti faida, twatafuta paa la maktaba, na mtu atakayetudai ada juu ya maktaba ana moyo mgumu. Sheria huachia mafundisho ya darasani nafasi yake, lakini kuuza tikiti mlangoni si kufundisha. Na huyo mwenye moyo mgumu, je, twamjua ni nani? Mwaka 1929 J. M. Barrie, aliyeandika Peter Pan, aliitoa hakimiliki ya kitabu na mchezo wake kwa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London. Miaka 50 baada ya kifo chake ilipokwisha, Bunge la Uingereza lilitunga sheria mwaka 1988 ili hospitali hiyo iendelee kupata fungu lake kila mchezo huo unapoonyeshwa nchini humo, bila ukomo. Shule ya huko ikiuonyesha Peter Pan bila kulipa, kisha ikajisifu kwa paa lake jipya, imelichukua paa hilo juu ya vitanda vya watoto wagonjwa. Hatuwezi kujua ada yaenda mfukoni mwa nani kabla hatujauliza, na nia yetu njema si hela za kumlipia mtu mwingine deni.

Jibu la pili husemwa kwa sauti ya chini: nani atajua? New York ni mbali. Kwa hili nitawakumbusha kisa cha zamani. Mwaka 1878 Waingereza wawili, Gilbert na Sullivan, walionyesha London mchezo wao wa H.M.S. Pinafore. Kabla hawajageuka, ulikuwa ukichezwa Marekani nzima bila wao kupata hata senti, kwa kuwa wakati ule mataifa hayo mawili hayakuwa na mapatano juu ya jambo hilo. Basi mchezo wao uliofuata waliufungua New York wenyewe, tarehe 31 Desemba 1879, ili wawatangulie wezi. Na siku moja kabla yake wakafanya onyesho la haraka haraka katika mji mdogo wa Paignton, Uingereza, ili wailinde haki yao ya nyumbani. Mchezo huo uliitwa The Pirates of Penzance, yaani maharamia wa Penzance! Watu waliofanya kazi ya kuwaiba Gilbert na Sullivan walikuwa wastaarabu wa mjini, wenye kumbi nzuri na tikiti zilizopigwa chapa. Hawakujiona maharamia.

Nasi tu watu wa mji huu. Twawasikia waimbaji wa Kampala wakilia kwamba nyimbo zao zanakiliwa vibandani na kuuzwa kwa shilingi chache hata kabla hawajazimaliza kuzitangaza, na sote twawaonea huruma. Wengine kati yao walisoma katika shule kama yetu. Vijana tutakaowasimamisha jukwaani waimbe mali ya wizi mbele ya wazazi na wageni wa heshima, kesho watakuwa na nyimbo zao wenyewe. Watatuuliza nini?

Sasa niseme namna kazi hii inavyokwenda, kwa faida ya kamati. Mathalan, leseni za The Sound of Music hutolewa na nyumba iitwayo Concord Theatricals. Unaandika kuomba. Wataka kujua mtaonyesha siku ngapi na tarehe gani, ukumbi una viti vingapi, tikiti ni bei gani, waimbaji ni wa kulipwa au wa kujitolea, mtatumia piano peke yake au wapiga ala wengi. Kisha hukupa hesabu: ada ya kila onyesho, na kodi ya vitabu vya nota, ambavyo mara nyingi hurudishwa. Kabla jibu halijaja hufai kutangaza wala kuuza. Likija, hulija peke yake. Matangazo yataandikwa majina ya watunzi kama mkataba unavyotaka. Huna ruhusa ya kukata wimbo mrefu, wala kubadili maneno, wala kuufasiri mchezo kwa Kiswahili au Kiluganda, mpaka uombe tena. Kupiga picha za senema ni ruhusa nyingine, na hapa nawafikiria wazazi wetu, ambao kila mmoja atainua simu yake mwanawe anapofungua kinywa.

Ada hiyo hulipwa kwa fedha za kigeni. Tuseme tumepata ukumbi wa watu 300, tukauza tikiti zote kwa shilingi 40,000. Hizo ni milioni kumi na mbili. Toa ukumbi, toa umeme na vipaza sauti, toa wapiga ala na chakula cha wanakwaya, kisha toa dola za leseni na kodi ya nota. Kilichobaki hakitafika darini. Ndiyo maana nasema kuuliza mapema kwasaidia kuchagua: mchezo unaopendwa na wote waweza kutuachia mabati kumi.

Kuna jambo jingine linalonisumbua juu ya ada hizi za mbali, nami sitalificha, ingawa lawapa nguvu wapinzani wangu. Mara nyingine mtunzi mwenyewe hapati kitu. Lionel Bart aliiuza haki yake katika Oliver! ili apate fedha za michezo mingine iliyoanguka, na mwaka 1972 akafilisika, huku Oliver! ukiendelea kuchezwa. Ilikuwa miaka ya tisini, mchezo ulipofufuliwa London, ndipo Cameron Mackintosh aliyeufufua alipompa fungu kwa hiari yake. Na Mwafrika mwenzetu Solomon Linda wa Johannesburg, aliyetunga wimbo wa Mbube na kuuimba katika sahani ya santuri mwaka 1939, aliiuza haki yake kwa shilingi kumi, akafa 1962 katika umaskini. Wimbo wake ulikwisha kuzunguka dunia kwa maneno ya Kiingereza, ukaingia hata katika senema ya The Lion King ya mwaka 1994. Binti zake ilibidi waende mahakamani, na mwaka 2006 wakafikia mapatano nje ya hukumu.

Wapinzani wangu husema, unaona, tukilipa twawanufaisha matajiri. Mimi nachukua visa hivyo hivyo nikaenda njia nyingine. Ikiwa ada ni lazima ilipwe, na mimi nasema ni lazima, basi tuchague mchezo ambao ada yake itamfikia mtu aliyeitolea jasho, au watoto wake. Mchezo wa namna hiyo hauko mbali. Ulionyeshwa katika mji huu huu.

Nausema Oluyimba lwa Wankoko. Maneno yake aliyaandika Byron Kawadwa, na sauti zake ni za Wassanyi Serukenya. Ulitoka mwaka 1971. Ni kisa cha mtu wa kazi ndogo katika jumba la mfalme, ambaye jina lake lenyewe lanuka banda la kuku, aliyekitamani kiti kisicho chake. Watazamaji wa Kampala hawakuhitaji kuelezwa. Walikumbuka jumba la Kabaka lililoshambuliwa mwaka 1966 na falme zilizofutwa mwaka uliofuata, wakacheka, na wengine wakalia. Kawadwa baadaye akawa mkuu wa Jumba la Taifa la Michezo, lile lililofunguliwa 1959, ambalo mpaka leo shule zetu huliota. Mwanzoni mwa 1977 mchezo huo ulipelekwa Lagos, kwenye sikukuu kubwa ya sanaa za watu weusi wa dunia nzima. Uliporudi, watu wa serikali ya Idi Amin walimchukua Kawadwa, wakamwua.

Huyo ndiye mtunzi. Ukihesabu kifo chake peke yake, miaka 50 yafika mwisho wa 2027, na kuna mjanja mmoja aliyekwisha kuninong'oneza kwamba tungoje kidogo mchezo uwe wa bure. Kwanza hesabu yake si sawa, maana sauti ni za Serukenya, na nimekwisha kusema kazi ya wawili huhesabiwaje. Pili, hata kama ingekuwa sawa, sijui tungeiandikaje katika karatasi ya programu: kwamba twamwimba mtu aliyeuawa, na tumevizia siku ambayo jamaa zake hawataweza kutudai.

Yako mashaka ya kweli juu ya shauri langu. La kwanza ni lugha. Nyimbo ni za Kiluganda, na shule yetu ina wavulana wa Gulu na Soroti na Arua, na baadhi ya wazee wetu watatoka Nairobi na Mwanza. Lakini onyesho la kuimba tu lina msimulizi, na msimulizi huyo aweza kusema Kiswahili. Nyimbo zibaki katika lugha yake, kama vile kwaya yetu inavyoimba Kilatini bila mtu kulalamika, na kisa kielezwe kwa lugha ambayo serikali iliamua mwaka 2022 ifundishwe katika shule zote. Kazi hiyo ya kukifasiri kisa ingefaa wanafunzi wa Kiswahili wa darasa la juu. Nayo pia yataka ruhusa, basi iombwe katika barua ile ile.

Shaka la pili ni nota. Michezo mingi ya Kampala ya miaka ile haikupata kupigwa chapa. Imekaa katika kanda, katika makaratasi ya watu na katika vichwa vya waliouimba. Huenda mwalimu wetu wa muziki atalazimika kuketi na mzee mmoja na kuziandika sauti moja moja. Mimi sioni kama hiyo ni hasara. Vitabu vya nota vya kukodi twavirudisha baada ya onyesho, lakini nota zilizoandikwa hapa, kwa ruhusa ya wenyewe na kwa jina lao, zitawafaa na wengine baada yetu.

Shaka la tatu ni siasa. Wako watakaosema kwamba mchezo uliomponza mwenyewe haufai kwa wavulana. Kwa hao sina jibu refu. Falme zilirudishwa mwaka 1993, Amin ameondoka tangu 1979, na kisa cha mwenye tamaa ya kiti hufundishwa darasani kila mwaka katika Macbeth, wala hapana mzazi aliyeandika barua.

Wengine wameuliza kwa nini tusitunge wenyewe, kama Namasagali College ya Kamuli ilivyokuwa ikileta mjini michezo yake yenyewe ya dansi na nyimbo. Ningefurahi sana. Lakini mambo yale yalikuwa desturi ya miaka mingi, nasi tuna mwalimu mmoja wa muziki na mihula miwili.

Kama kamati itakubali, kazi ya kwanza ni kuwatafuta wenyewe. Hawa hawana wakala New York. Tuanze kwa kuuliza kwenye Jumba la Taifa la Michezo, ambako Kawadwa alifanya kazi, na kwenye chama cha watunzi, na kwenye ofisi ya serikali ya uandikishaji, Uganda Registration Services Bureau, inayoandikisha hakimiliki. Ingawa mtunzi huwa na haki yake hata kama hakujiandikisha. Wasomaji wa gazeti hili nao ni wengi katika mji huu, na ajuaye jamaa za watunzi hao awaulize kwanza kama wataka kuandikiwa, ndipo ailetee kamati habari. Ada tupatane kwa maandishi: fungu la kila tikiti kwa upande wa maneno na fungu kwa upande wa sauti, lilipwe benki na risiti iwekwe. Tusimlipe mtu mkononi kwa sababu tu amesema yeye ni mpwa.

Na tuseme wamekataa, au hatukuwapata kwa wakati. Muhula wa tatu ni wa mitihani, kwa hiyo tamasha halina budi kuwa katika muhula wa pili, na barua zapasa kutoka kabla ya shule kufungwa mwaka huu. Likija jibu la hapana, bado tunayo ile The Pirates of Penzance. Sullivan alifariki 1900 na Gilbert 1911, kwa hiyo maneno na sauti zao ni za kila mtu, mradi tutumie nota za zamani, maana mpangilio mpya wa muziki una mwenyewe mpya. The Mikado yao nisingeichagua, kwa jinsi inavyowafanyia Wajapani mzaha. Lakini maharamia na polisi hawana wa kuwatetea. Mabinti wa Jenerali itatubidi tuwaombe kwa shule jirani ya wasichana, na mwalimu wa muziki ameniambia kwamba kwa upande wa polisi tuna wazee wa sauti nene wa kutosha, kama watahudhuria mazoezi.